Ndege wa Malagarasi Wahesabiwe na Watu wa Malagarasi

Msafiri atokaye Tabora mjini kwenda Kwihara hupita kwenye miembe mikubwa ambayo wenyeji huihusisha na enzi za misafara. Njia ile iliyoanzia Bagamoyo, ikakata Ugogo na kufika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji, ilikuwa njia ya watu wenye kuhesabu. Burton na Speke walioingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857 walikuwa wamehesabu siku 134 tangu waondoke pwani. Wafanyabiashara wa mji ule walihesabu zaidi ya siku. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, shanga kwa nyuzi, nguo kwa doti na jora, wapagazi kwa vichwa, na watumwa, kwa aibu ya historia, kwa vichwa vilevile. Pembe iliyotoka Ugalla begani mwa Mnyamwezi ilipimwa Tabora, ikapimwa tena pwani, ikapimwa mara ya tatu katika forodha ya Unguja kabla ya kupakiwa jahazini.

Hata hivyo, katika kuhesabu kote huko, kilichohesabiwa ni kile kilichoondoka. Mfanyabiashara hakuwa na haja ya kujua ni ndovu wangapi waliobaki porini, maana faida yake haikutokana na waliobaki. Wenyeji waliojua, yaani wawindaji na warina asali waliolala katika misitu ile, hawakuulizwa.

Habari hiyo ya kale haina budi kukumbukwa leo panapozungumzwa kazi ya kuhesabu ndege na wanyama katika bonde la mto Malagarasi. Mwaka 2000 Tanzania iliingia katika mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, ambao hujulikana kwa jina la Ramsar, mji wa Irani ulikotiwa sahihi mwaka 1971. Eneo la kwanza ambalo nchi iliandikisha ni Malagarasi-Moyowosi. Ukubwa wake ni hekta 3,250,000, nalo ni miongoni mwa maeneo makubwa kabisa ya aina hiyo duniani. Ndani yake yamo mabwawa ya mafunjo yasiyo na mwisho mbele ya macho, ziwa Sagara na ziwa Nyamagoma, na mito Moyowosi, Kigosi, Gombe na Ugalla, ambayo yote huishia katika Malagarasi na hatimaye katika ziwa Tanganyika. Wamo nzohe, viboko na mamba. Wamo pia wavuvi, wafugaji, wakulima wa mpunga na tumbaku, na warina asali ambao sifa yao imefika mbali.

Na wamo ndege. Wengine ni wenyeji wa mwaka mzima. Wengine ni wageni. Korongo weupe waliototolewa juu ya mapaa ya nyumba za Ulaya huja Afrika kukwepa baridi. Mbayuwayu nao huja, wadogo kuliko kiganja cha mkono, wakiwa wamevuka jangwa la Sahara. Zamani Wazungu hawakujua ndege hao huenda wapi wakati wa baridi, na wako wanazuoni wao walioandika kwa uhakika mkubwa kwamba mbayuwayu hulala ndani ya matope ya maziwa hadi jua lirudi. Jibu lilifika mwaka 1822, pale korongo mmoja alipopigwa risasi karibu na Klütz, Ujerumani ya Kaskazini, akakutwa ana mkuki wa Kiafrika uliopenya shingoni. Ndege huyo alikaushwa, na hadi leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Huko anasifiwa kuwa ndiye aliyewafunulia wanasayansi jambo kubwa. Mwindaji wa Kiafrika aliyeutupa mkuki ule, ambaye bila shaka alijua korongo hufika lini na huondoka lini, hana jina popote.

Kuhesabu wanyama wanaohama ni kazi ambayo katika nchi nyingi imeachiwa wananchi wa kawaida, na si kwa sababu wataalamu wamekosekana. Huko Marekani, tangu Krismasi ya mwaka 1900, watu wa kila namna hutoka mara moja kwa mwaka kuhesabu ndege katika maeneo yao. Walianza wakiwa 27. Sasa ni makumi ya maelfu. Katika pwani ya California, wastaafu na wanafunzi hukaa juu ya majabali wakiwa na darubini, wakiandika kila nyangumi wa kijivu apitaye kati ya bahari ya barafu na maji ya vuguvugu ya Meksiko. Nyangumi hupita pwani ya Tanzania pia, hasa kati ya Julai na Novemba, wakitoka bahari ya kusini kuja kuzaa, na wavuvi wa Mtwara na Mafia huwaona. Kwa upande wa ndege wa majini, hesabu ya kimataifa ilianza mwaka 1967, ikaenea Afrika mwaka 1991, na hufanywa kila Januari. Mtu mmoja hawezi kuwa mahali pote kwa siku moja. Watu elfu moja, kila mmoja kwenye bwawa la kwao, wanaweza.

Hapa ndipo Malagarasi inapoleta swali lake. Januari ni mwezi wa mvua katika Unyamwezi na Uha. Mito hufurika, barabara za mbugani huwa matope, na gari la mtaalamu atokaye Dar es Salaam au Arusha hukwama hata kabla halijauona unyoya wa bata. Kwa sababu hiyo mabwawa haya, pamoja na ukubwa wake wote, ni magumu kuhesabiwa katika mwezi uleule ambao dunia nzima inahesabu. Ndege ya angani husaidia kwa wanyama wakubwa. Lakini juu ya mafunjo marefu, yangeyange elfu huonekana kama vipande vya karatasi, na kitwitwi haonekani kabisa. Hata hivyo mvuvi wa Sagara hakwami. Ana mtumbwi wake, anajua mkondo upitao, na asubuhi ya Januari anayokwenda kutega nyavu ndiyo asubuhi ileile ambayo hesabu inatakiwa. Wakati wa kiangazi, kati ya Agosti na Oktoba, maji yanapopungua na ndege kukusanyika katika madimbwi yaliyobaki, ni yeye huyohuyo aliyepo.

Mfano bora wa haja hii ni ndege ambaye vitabu vya Kiswahili humwita korongo nyangumi. Jina hilo ni tafsiri ya jina la kisayansi alilopewa katikati ya karne ya 19 na mtaalamu wa Kiingereza, aliyeuona mdomo wake mpana akafikiria kichwa cha nyangumi. Hivyo watu wa Malagarasi, waishio mbali kabisa na bahari, wana nyangumi wao. Ndege huyu hahami kwenda Ulaya. Ana kimo cha zaidi ya mita moja, na husimama kimya kwa saa nyingi katika maji ya kina kifupi akimvizia kamongo au kambale. Hutaga mayai mawili hivi, na kwa kawaida hukuza kinda mmoja tu. Mtu yeyote atakubali kwamba kiumbe azaaye taratibu namna hiyo hawezi kustahimili kuibiwa makinda.

Na makinda yameibwa. Korongo nyangumi ni ndege anayetamaniwa sana na wenye bustani za wanyama katika nchi za nje, na kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa mlango mmojawapo alikopitia. Mwaka 1987 aliingizwa katika orodha ya wanyama ambao biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa, na mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai wa kila aina. Uamuzi huo ulistahili pongezi. Lakini ili ijulikane kama marufuku imezaa matunda, ni lazima ijulikane walikuwa wangapi na sasa ni wangapi. Duniani kote wanakisiwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000, wengi wao wakiwa Sudan Kusini. Kwa upande wa Malagarasi, makisio yaliyotolewa kwa nyakati mbalimbali yamepishana mno. Ndege asimamaye kimya ndani ya mafunjo, atafutwaye na mgeni mwenye siku kumi tu za kukaa, atahesabiwa vipi?

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya kitaalamu, na mwanakijiji hana elimu ya kutoa takwimu za kutegemewa. Hoja hiyo ni ya zamani, na mkoa wa Tabora una kumbukumbu yake mahsusi. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu kutoka Uingereza ulizunguka Tanganyika kwa wiki tisa, ukaandika ripoti iliyojaa hesabu za ekari, mvua na matrekta, na kwa hesabu hizo mpango wa karanga ukaanzishwa Kongwa, Nachingwea na Urambo. Wakulima waliojua udongo na mvua ya mahali pale hawakuwa miongoni mwa wataalamu. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Takwimu zake zilikuwa zimepigwa chapa vizuri sana.

Hata kwa miaka ya karibuni, hesabu zilizofanywa kwa vyombo bora zimepata kuleta ubishi. Mwaka 2014 sensa ya ndovu katika eneo la Ruaha-Rungwa ilitoa idadi ya 8,272. Idadi hiyo ilitiliwa shaka, eneo likarudiwa mwaka 2015, na jibu likawa 15,836. Hapana haja ya kuwalaumu waliorusha ndege zile. Kuhesabu kutoka angani ni kazi ngumu, na ndovu hawakai mahali pamoja wakingojea. Jambo la kutazamwa ni jingine. Kwa nchi nzima ndovu walikuwa zaidi ya 100,000 mwaka 2009. Mwaka 2014 walikuwa kiasi cha 43,000, na bonde la Malagarasi lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa vibaya. Ndovu wale hawakufa kwa usiku mmoja. Walikufa mmoja mmoja, mwezi hadi mwezi, na mizoga ilionwa na watu waendao porini. Kama kila kijiji kingalikuwa na daftari, na kila mwezi mtu akaandika ndovu aliowaona wakiwa hai na aliowakuta wamekufa, Taifa lisingalingoja miaka mitano lipate kushtuka.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo haisemwi mikutanoni bali husemwa kando. Wanavijiji wengi wanaopakana na mapori ya akiba humwogopa mtu mwenye darubini na daftari. Uzoefu umewafundisha kwamba hesabu ya wanyama hufuatwa na alama za mipaka, na alama za mipaka hufuatwa na amri ya kuhama. Mfugaji aonaye gari la wahesabuji huondoa ng'ombe wake na kunyamaza. Mvuvi aulizwapo korongo wako wapi, huonyesha kidole upande mwingine. Hofu hii haiondolewi kwa hotuba, wala si haki kuiita ujinga. Mtu aliyehesabiwa na wengine kwa vizazi vingi, kuanzia mizigo ya msafara hadi kodi ya kichwa ya mkoloni, ana sababu ya kutaka kujua kalamu imeshikwa na nani.

Kwa hiyo basi, suala la nani ahesabu ndege wa Malagarasi haliwezi kuachwa kuwa la kisayansi tu. Ni la madaraka ya wananchi juu ya mali yao. Yafaa ikumbukwe kwamba Mwalimu Nyerere, katika tamko la Arusha la Septemba 1961 kuhusu wanyamapori, aliiweka kazi ya kuwatunza kuwa dhamana ya Waafrika wenyewe, akiomba msaada wa wataalamu kutoka nje. Mwenye dhamana ni mmoja, msaidizi ni mwingine. Katika miaka mingi iliyofuata nafasi hizo mbili zimekuwa zikibadilishana polepole, hata mara nyingine mwenyeji amebaki kuwa mbeba vifaa wa msaidizi wake. Mpagazi wa karne ya 19 angeitambua hali hiyo mara moja.

Msingi wa kujengea upo. Katika mkoa wa Tabora zimeundwa jumuiya za hifadhi za Ipole, wilayani Sikonge, na Uyumbu, wilayani Urambo, ambazo vijiji vimetoa ardhi yao ili kuhifadhi na kupata faida. Mapato yao hutegemea uwindaji wa kitalii, na idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kuwindwa hupangwa kwa kutegemea makisio ya waliopo. Kijiji kisichokuwa na hesabu yake chenyewe hupokea tu kile kilichoamuliwa. Kijiji chenye daftari la miaka kumi huweza kuuliza, na swali lake likasikilizwa. Vijana wa doria wa vijiji hivyo tayari huzunguka porini, walimu wapo, shule za sekondari zipo, na mji wa Tabora, ambao shule yake ya Serikali ilimlea Mwalimu mwenyewe kuanzia mwaka 1937, haujapungukiwa na wastaafu wenye macho mazuri na muda wa kutosha.

Kazi yenyewe si ya miujiza. Mtu husimama mahali palepale alipohesabia mwaka uliopita, saa zilezile za asubuhi. Kundi dogo huhesabiwa mmoja mmoja. Kundi kubwa hukatwa kwa macho katika mafungu ya kumi au mia, kama mchuuzi apangavyo machungwa. Wahesabu watu wawili, kila mmoja kivyake, ndipo walinganishe. Jina la kienyeji la ndege liandikwe pale jina la kitabuni lisipojulikana, maana Kinyamwezi na Kiha vina majina ya ndege ambayo huenda vitabu havina. Na pale asipoonekana ndege hata mmoja, sifuri iandikwe. Wanaoanza kazi hii huona haya kuandika sifuri. Hudhani wamefanya kazi bure. Kumbe sifuri ya Sagara katika mwezi ambao zamani kulikuwa na mwari mia mbili ni habari kubwa kuliko mwari mia mbili wenyewe.

Hapana budi kusema neno juu ya posho. Siku hizi neno kujitolea limechakaa. Semina moja ya siku mbili hotelini huweza kula fedha ambazo zingenunua darubini za vijiji kadhaa, na mwanakijiji aliyeitwa kujitolea huona gari jipya la mradi akajiuliza nani hasa anayejitolea. Ana haki ya kujiuliza. Mvuvi anayepoteza asubuhi ya kazi alipwe thamani ya asubuhi hiyo, bila kuona haya kwa mlipaji wala mlipwaji. Lakini mwalimu atokaye na wanafunzi wake Jumamosi moja ya Januari hahitaji posho. Anahitaji darubini mbili, daftari lisiloloa, na barua ya kumhakikishia kwamba askari wa wanyamapori hatamkamata kwa kuingia porini. Jambo hili la mwisho ni dogo kwa mtu wa ofisini na ni kubwa sana kwa mtu wa kijijini.

Wizara na mamlaka zinazohusika zingeanza na jambo moja ambalo halihitaji fedha nyingi: matokeo ya kila hesabu, iwe ya angani au ya mtumbwini, yasomwe kwanza katika mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kupelekwa Dodoma au kuchapwa katika jarida la nchi za nje. Yasomwe kwa Kiswahili, mbele ya wavuvi na wafugaji, na wapewe nafasi ya kuyapinga. Baadhi ya ubishi wao utakuwa wa kukwepa ukweli, hasa panapotajwa ng'ombe au miti inayokatwa kwa ajili ya kukaushia tumbaku. Mwingine utakuwa wa kweli, na mtaalamu atarudi amejifunza bwawa ambalo ramani yake haina.

Nakala ya daftari ibaki katika ofisi ya kijiji, kabatini, pamoja na kumbukumbu za ardhi na za wakazi. Mwaka 2022, wakati wa Sensa ya Watu na Makazi iliyotoa idadi ya Watanzania 61,741,120, makarani wengi walikuwa walimu na vijana wa palepale walipohesabu, na wananchi waliwafungulia milango kwa sababu waliwajua. Januari ijapo mvua itakuwa imekwisha kujaza mabwawa, korongo wa Ulaya watakuwa wamefika, na barabara ya kwenda Sagara, kwa kadiri ya mazoea yake, itakuwa haipitiki kwa gari.